Kura ya Mtu Aliye Mbali na Kwao

Sheria ya Kenya humtaka mpiga kura afike katika kituo kimoja tu, kile ambacho jina lake liliandikwa. Asipofika hapo, kura yake hufa siku ile ile, hata kama amesimama mlangoni pa kituo kingine cha kaunti yake, kitambulisho mkononi, tangu alfajiri. Mimi nasema kwamba sharti hili ni kali kupita haja yake. Mtu aliyeandikishwa mahali popote katika kaunti angestahili kupiga kura katika kituo chochote cha kaunti hiyo. Wako watu wazima wenye akili wasiokubaliana nami, na baadhi ya hoja zao zina nguvu. Chuoni tulipofunzwa ualimu tulikatazwa kumjibu mpinzani kabla ya kumweleza vizuri. Kwa hiyo, msomaji, utazisikia hoja hizo pia.

Tuanze na Soin. Kaunti ya Kericho ina maeneo bunge sita, na mojawapo ni Sigowet/Soin. Jina lenyewe laeleza nchi: katika lugha ya Wakipsigis, Soin ni nchi ya chini yenye joto, na kinyume chake ni Mosop, nchi ya juu yenye baridi. Ukishuka kuelekea Muhoroni unaiacha chai nyuma yako na kukuta mahindi na miwa. Lakini kazi ya mshahara haikushuka pamoja na barabara. Imebaki juu, katika mashamba makubwa ya majani chai na viwanda vyake, na vijana wa nchi ya chini huipanda kuitafuta. Hulala katika nyumba za mwajiri, ambazo ni zao kwa muda ule tu wanaofanya kazi. Mama mzazi yuko Soin, na ng'ombe, na kipande cha ardhi, na kaburi la babu. Mtu wa namna hiyo anapoulizwa aandikishwe wapi kuwa mpiga kura, hujibu bila kufikiri: nyumbani.

Sasa siku ya uchaguzi imefika. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano, na vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Siku hiyo hutangazwa kuwa ya mapumziko. Hata hivyo, jani lililochumwa jana halingoji. Lisipokaushwa kwa wakati wake huharibika. Mlinzi hawezi kuliacha lango. Muuguzi wa zahanati hawezi kuwaambia wagonjwa warudi Jumatano. Na yule aliyepewa ruhusa ana nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, katika siku ambayo magari ni machache na wasafiri ni wengi. Nauli hiyo hutoka katika mshahara ule ule unaonunua unga. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Walisema hivyo kutuonya tuhudhurie mambo yetu, si kuwapa watunga sheria kisingizio cha kumwacha nje mtu aliye kazini.

Nani basi humlipia nauli? Hapa ndipo ubaya ulipo. Mara nyingi hulipa mgombea. Lori au matatu hufika karibu na makao ya wafanyakazi, watu hupandishwa bure, na njiani huimbishwa nyimbo za mwenye gari. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 imekataza kumhonga mpiga kura, lakini kiti cha bure ndani ya gari ni hongo ambayo watu wengi hawaioni kuwa hongo. Mtu aliyebebwa hushuka akiwa na deni moyoni. Sisemi kwamba lazima atalilipa, kwa kuwa kura ni siri. Nasema kwamba hakustahili kuwa nalo. Tulipigania kura iwe ya siri, tukaipokonywa mwaka 1988 tulipopangwa mlolongo nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama, tukairudisha. Itakuwa aibu tuikabidhi tena kwa mwenye lori.

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, walioandikishwa nchini kote walikuwa 22,120,458. Zaidi ya milioni 7 kati yao hawakupiga kura. Wengi walichoka na siasa, wengine waliugua, wengine walikuwa wamekufa na majina yao hayajafutwa. Siwezi kudai kwamba wote walizuiwa na safari. Lakini yule aliyezuiwa na safari ndiye peke yake tunayeweza kumrudishia kura yake kwa kubadili kanuni tu, bila kumbadili moyo.

Mpinzani wangu wa kwanza husema: na ahamishe jina. Ni kweli, sheria humruhusu mpiga kura kuomba jina lake lihamishiwe kituo kingine kabla ya uchaguzi. Lakini tazama afanyalo mtu huyo. Anapolihamisha jina kutoka Soin kwenda kwenye mashamba ya chai, huacha kumchagua mwakilishi wa wadi atakayesimamia kisima cha mama yake, akaanza kumchagua mwakilishi wa mahali ambapo hana hata mti mmoja. Akiachishwa kazi mwezi wa pili baada ya uchaguzi, hurudi nyumbani akatawaliwa miaka mitano na mtu asiyemchagua. Na kuna ubaya mwingine ambao kila Mkenya anaujua: wanasiasa hutumia uhamisho huo kusomba wapiga kura kutoka eneo moja na kuwajaza katika eneo jingine wapate kushinda kiti. Mlango huo umekwisha kufunguliwa. Si mimi ninayeufungua.

Fikiri sasa juu ya karatasi zenyewe, kwa maana jawabu limo ndani yake. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge, na ya mwakilishi wa wadi. Ya rais ni moja nchi nzima. Za gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake ni za kaunti nzima. Maana yake ni kwamba mtu wa Soin akisimama katika kituo cha Ainamoi, au Belgut, au Kipkelion, karatasi nne kati ya sita zilizo mezani ni zake kama zilivyo za wenyeji. Mbili tu ndizo za wenyewe. Basi apewe nne. Kama yumo ndani ya eneo bunge lake lakini katika wadi nyingine, apewe tano. Hapotezi kila kitu kwa sababu ya kitu kimoja. Na kwa kuwa mgeni hagusi kiti cha mbunge wala cha wadi cha pale alipo, yule mwenye malori hana faida ya kumsomba. Amlete afanye nini?

Usidhani kwamba kumpa mpiga kura karatasi pungufu ni jambo geni kwetu. Tangu mwaka 2017 wafungwa wa Kenya hupiga kura ya rais peke yake, kila mmoja katika gereza alimoandikishwa, na Wakenya walio ng'ambo hufanya vivyo hivyo. Afrika ya Kusini ilikwenda mbali zaidi. Katika uchaguzi wa mwaka 2019, mpiga kura aliyekuwa nje ya kituo chake lakini ndani ya mkoa wake alipewa karatasi ya taifa na ya mkoa. Aliyekuwa nje ya mkoa alipewa ya taifa tu. Huko Australia, mtu hupiga kura katika kituo chochote cha jimbo lake, na kama yu nje ya eneo lake la uchaguzi, kura yake hutiwa katika bahasha na kupelekwa kwao kuhesabiwa.

Hoja ya pili ni nzito, nami naiheshimu: je, mtu hatapiga kura asubuhi Kericho mjini na alasiri Soin? Wakenya wana sababu ya kuogopa. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilishindwa katika vituo vingi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa rais kwa kasoro, zikiwamo za upelekaji wa matokeo. Nao Wamarekani walipata funzo lao. Wilaya ya Larimer, katika jimbo la Colorado, ilianza mwaka 2003 kuwaruhusu wapiga kura kwenda kituo chochote cha wilaya, mambo yakaenda vizuri. Jirani zao wa jiji la Denver walipoiga mwaka 2006, daftari la kompyuta lilizorota, misururu ikawa mirefu, na watu wengi wakaenda zao bila kupiga kura. Anayetaka kituo chochote kwa kutegemea mtandao wa siku ile ile anajenga juu ya mchanga, hasa katika nchi yenye mabonde kama yetu.

Kwa hiyo sitaki mtandao. Nataka notisi. Afrika ya Kusini yenyewe, baada ya malalamiko ya mwaka 2019 kwamba wako waliopiga kura mara mbili, iliamuru katika uchaguzi wa mwaka 2024 kwamba anayetaka kupiga kura mbali na kituo chake aiarifu tume mapema. Sisi tufanye hivyo. Majuma machache kabla ya uchaguzi, mchuma chai aende kwa afisa wa tume, akitaje kituo atakachokuwa karibu nacho. Jina lake lipigwe mstari katika orodha ya Soin kabla haijafungwa, liingizwe katika orodha ya wageni ya kituo kile. Siku ya kura atambuliwe kwa alama ya kidole, achovywe wino kama wengine. Akienda Soin alasiri atakuta mstari juu ya jina lake. Aliyeitwa kazini ghafula usiku wa kuamkia uchaguzi hatasaidiwa na mpango huu, hilo nalikubali.

Wasimamizi watauliza juu ya hesabu, na wana haki. Kanuni zetu husema kwamba kituo ambacho kura halali zimezidi idadi ya walioandikishwa, matokeo yake hayahesabiwi. Kinga hiyo ni nzuri, na wageni wasio na orodha wangeivunja. Wageni wenye orodha hawaivunji: fomu ya matokeo iongezewe mstari mmoja, wenyeji wangapi na wageni wangapi, na mawakala wa vyama watie sahihi chini ya yote mawili. Kura zenyewe zitiwe katika masanduku yale yale pamoja na za wenyeji. Kuwatengea wageni watatu sanduku lao ni sawa na kuwataka watangaze waliyemchagua. Karatasi zichapwe kwa kufuata notisi, na kituo kisizidishiwe watu kupita 700, kikomo cha sasa.

Kuibadili sheria ni kazi ya Bunge. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na baadhi yenu mtakuwa mmetimiza miaka 18, wengine mkiwa mbali na kwenu kwa kazi au kwa masomo. Kifungu cha 119 cha Katiba champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga sheria au kuirekebisha. Hakikutaja umri wala shahada. Ombi la namna hiyo laweza kuandikwa na darasa moja, katika karatasi mbili, kwa kipindi kimoja cha insha.