Tuhesabiwe tungali wazima

Wandugu wa Goma, wa Bukavu, wa Idjwi, wa Kalehe na wa Minova,

Kila mara kanoti rapidi mpya inapoingia ziwani, simu zetu zinajaa picha. Rangi nyeupe, viti vya kulalia mgongo, vioo pande zote, televisheni mbele, na wakubwa wamesimama pale wanakata utepe. Watu wanaandikiana: "Goma–Bukavu sasa ni masaa mawili na kitu, matatu hivi!" Na sisi pia tunafurahi, tusidanganyane. Nani hapendi kunywa chai ya asubuhi Goma na kula sambaza Bukavu saa sita? Miji hii miwili ilijengwa ikiangalia maji. Wakati wa ukoloni Wabelgiji walikuja kupumzika hapa, wakajenga nyumba zao juu ya rasi za Bukavu na kando ya ziwa pale Goma, na mpaka leo hoteli za pembeni ya maji zinapokea harusi, mikutano na wageni. Kuwa na boti safi na ya haraka kati ya miji hii ni jambo halali kabisa. Hatuna shida nayo.

Shida yetu ni boti zile ambazo hakuna mutu anakuja kuzikatia utepe.

Tuanze na maji yenyewe, juu kuna wale wanaongea juu ya ziwa hili kama ni bwawa la kuogelea. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na kina chake kinafika mita 485. Kutoka kaskazini mpaka kusini ni karibu kilomita 90. Katikati kuko Idjwi, kisiwa kizima chenye vijiji, masoko, shule na hospitali, na hakuna hata daraja moja la kukifikia. Mutu wa Idjwi akizaliwa, akisoma, akigonjwa, akiuza nanasi zake, yote inapita kwa boti. Kwa mutu wa Goma au wa Minova zamani kulikuwa njia mbili, barabara na ziwa. Kisha mwanzoni mwa 2024 vita ilikata barabara ya Sake kwenda Minova, na ziwa likabaki njia moja tu. Chakula cha Goma kilikuja kwa maji. Wanafunzi walikuja kwa maji. Wagonjwa na wakimbizi pia. Na tukumbuke mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipowaka na watu wakaambiwa watoke Goma: maelfu walikimbilia bandarini.

Sasa, nani anapanda kanoti rapidi? Mutu wa shirika, mfanyabiashara, mukubwa wa serikali, mgonjwa mwenye familia yenye uwezo, mgeni. Anafika, anaonyesha kadi, jina lake linaandikwa, anapewa namba ya kiti, anavaa jile. Viti vikiisha, vimeisha. Anayechelewa anangojea safari ya kesho.

Na nani anapanda boti ya mbao? Mama mwenye magunia mawili ya maharagwe na ndizi, na mtoto mgongoni. Kijana anaenda kutafuta kazi. Hapo hakuna viti vya kuisha. Magunia yanaingia kwanza, watu wanakaa juu ya magunia, wengine wanapanda juu ya paa, na yule wa boti anaita tu: "Ingieni, nafasi iko!" Sisi wenyewe tumesafiri hivyo, zaidi ya mara moja. Maji yanafika karibu na ukingo, unaweza kuyagusa kwa vidole, na mutu anafanya mzaha ili tusiogope.

Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova ikakaribia Kituku. Haikuwa usiku. Hakukuwa tufani ya kuvunja miti. Watu waliokuwa ng'ambo, wakingojea ndugu zao na bidhaa zao, waliiona ikiinama, ikalala upande, ikazama. Video ilizunguka dunia yote. Kwa wale waliokuwa ndani, soko la Kituku lilikuwa linaonekana kwa macho.

Kisha ikaja saa ya kuuliza: walikuwa wangapi?

Gavana wa Kivu Kusini alisema mule ndani mulikuwa watu 278 na wafu hawapungui 78. Viongozi wengine walitoa hesabu zao. Hesabu ya wafu ilipanda, kisha siku zilizofuata ikashuka sana, kama vile wafu wanaweza kurudi nyumbani kwa mguu. Ukijumlisha wafu na waliookoka, katika hesabu yoyote ile iliyotolewa, haufiki kwenye 278. Wale wanaobaki katikati ni nani? Majina yao ni gani? Familia zilikwenda hospitali, zikaenda bandarini, zikarudi tena hospitali, zikiwa na picha kwenye simu. Mutu hawezi kudai maiti ya mutu ambaye hakuna karatasi inayosema alipanda.

Njo maana tunasema: kanoti rapidi mpya ni vizuri, lakini haitaokoa hata mama mmoja wa Minova. Kitakachomuokoa kinaanza na daftari. Ahesabiwe pale ng'ambo, angali mzima, mbele mashini iwashwe.

Wengine watatujibu kwamba jile ndiyo dawa. Tumeshasikia hiyo. Mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, watu karibu 150 wakapotea, Rais Tshisekedi akaja mwenyewe kuona familia, na ikatolewa amri: kila msafiri wa ziwani lazima avae jile. Amri nzuri, hatuipingi. Lakini jiulize, boti ina jile hamsini na watu mia moja na makumi mbili, amri hiyo inavaliwa na nani? Tunajua inavyofanyika: jile ziko, zimefungwa pamoja kwa kamba pale mbele, zinangojea mkaguzi. Usipojua idadi ya watu huwezi kujua idadi ya jile. Kuhesabu kunakuja kwanza, jile inafuata.

Tena kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Boti iliyojaa inaweza kuvuka ziwa lote salama, kisha ikapinduka wakati wa kufika. Juu ya nini? Juu wakati wa safari watu wamekaa, uzito uko chini. Wakiona bandari, wote wanasimama, wanachukua mizigo, wanasogea upande wa kushukia. Uzito unapanda juu na unakwenda upande mmoja kwa mara moja. Boti ambayo haikujaa inavumilia. Iliyojaa haina tena nafasi ya kuinama bila maji kuingia. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Merdi. Hiyo ni kazi ya uchunguzi, na matokeo yake familia zina haki ya kuyasoma. Tunasema kwamba kila nahodha wa ziwa letu anaijua hatari hii, na kila anayemruhusu kutoka anaijua pia.

Jirani zetu wa Tanzania waliipata kwenye Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ile kilibeba wengi kupita hapo mara mbili na zaidi, na kilipinduka karibu kabisa na kufika kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Na walipotaka kujua waliopanda walikuwa wangapi, ilisemekana kwamba aliyekuwa anakata tiketi alikufa maji pamoja na wengine, na mashini ya kurekodi tiketi ilizama naye. Someni hiyo mara mbili. Tiketi zilikatwa, hesabu ilikuwepo, lakini hesabu ilikuwa ndani ya boti. Kwa hiyo tusikubali tu kuambiwa "orodha iko." Tuulize orodha iko wapi. Nakala moja ibaki nchi kavu, ya pili iende na nahodha, na picha ya orodha itumwe kwa simu ku bandari ya kufikia mbele boti itoke. Hiyo inaomba daftari, kalamu ya biki na megabaiti kidogo. Hatuongelei mabilioni.

Sasa tufike pale panapouma. Mutasikia wakisema: "Leta haina uwezo, bandari ni nyingi, watu ni wengi, haiwezekani kuhesabu." Wandugu, nani kati yenu ameshusha gunia la makala au katoni ya samaki bandarini bila gunia lile kuhesabiwa? Kuna anayehesabu kwa ajili ya kodi hii, kuna wa kodi ile, kuna mwenye jetoni, kuna asiyekuwa na jetoni lakini naye anahesabu. Gunia moja linaweza kuhesabiwa mara tatu kutoka boti mpaka barabara kubwa. Katika bandari zetu kuhesabu ndiyo kazi inayofanyika vizuri kuliko zote. Mizigo inajulikana mpaka kilo. Ni mama aliyekaa juu ya mizigo njo hajulikani.

Na mtoto wake hajulikani hata kidogo. Mtoto wa mgongoni halipi, basi hahesabiwi. Tunaomba jambo hili liandikwe wazi: kila anayepumua ni mutu mmoja, awe mzee, awe wa siku mbili. Katika orodha kuwe jina, pale anatoka, na namba ya simu ya mutu wa nyumbani.

Idadi ya watu ambayo kila boti inaruhusiwa ipakwe rangi pande zote mbili, kwa herufi kubwa, ili hata asiyejua makaratasi aone. Na mstari upakwe kwenye ubavu: maji yakifika kwenye mstari, hakuna gunia lingine wala mutu mwingine. Hivyo polisi wa bandari hawezi kusema hakuona, na sisi wasafiri hatuwezi kusema hatukujua.

Tunajua jibu la wenye boti, na tunaliheshimu kuliko jibu la wakubwa. Wanasema: "Nikipakia nusu, sitalipa mafuta. Nitapandisha bei, na masikini atabaki ng'ambo." Ni kweli. Sheria ikikaza Kituku peke yake, boti zitapakia usiku kwenye ufuko ambako hakuna mukaguzi, na hiyo itakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo hatuombi faini mpya. Faini mpya itakuwa mfuko mpya wa mutu fulani. Tunaomba kodi zinazolipwa ku kila safari ziunganishwe ziwe moja, yenye risiti, ipunguzwe kwa boti inayoheshimu mstari, na sehemu ya ile pesa inunue jile na ilipe wale wa kuhesabu. Wahesabu wachaguliwe pamoja na mama wa soko na mabaharia wenyewe, juu hao hawatahongwa kirahisi kumupakia ndugu yao kwenye kifo. Na kabla ya kanoti rapidi ya kumi kati ya Goma na Bukavu, iwekwe boti moja ya chuma, ya kawaida tu, isiyo na televisheni, kwa Minova na Idjwi, na bei ambayo muuza ndizi anaweza kulipa.

Tunasema haya kwa yeyote anayekaa bandarini kuomba kodi. Bendera ya juu ya ofisi inaweza kubadilika. Maji ni yale yale, na anayepokea franka za msafiri amepokea pia kazi ya kumufikisha.

Wenye kanoti rapidi wana kitu cha kufundisha hapa, na tunawaomba wakifundishe. Wao wanaandika majina kila siku. Wanafunga mlango viti vikiisha. Hakuna mteja wao aliyekataa kuandikwa. Basi kazi inajulikana na watu wa hapa hapa wanaifanya, mita chache tu kutoka pale boti za mbao zinapopakia bila daftari.

Wakati tunangojea, tusikae mikono mitupu. Ndugu, dada, mama, ukipanda boti yoyote, tuma ujumbe kwa mutu wa nyumbani mbele itoke: jina la boti, bandari, saa, muko wangapi pamoja na watoto. Piga picha ya boti na watu wake kama hakuna anayekukataza. Vijana wetu wa Kituku, wa Minova na wa Idjwi wataanza kukaa bandarini na madaftari, kuandika majina ya wanaokubali, bila kuomba hata franka moja. Anayetaka kusaidia aje na kalamu yake. Ukiona maji yamefika karibu na ukingo na bado wanaita watu, shuka, na uwaambie wa pembeni yako kwa nini umeshuka. Na ukifika salama, andika tena nyumbani kwamba umefika.