Fundi akae kwenye kochi kwanza

Na Zuhura Kileo

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa shangazi yangu Tanga. Tulikuwa tunatazama filamu, basi likapita kwenye runinga kutoka kushoto kwenda kulia. Mngurumo wake ukaenda kinyume: ulianzia kwenye spika ya kulia, karibu na mlango, ukaishia dirishani. Shangazi ana mtoto wa jicho, filamu nyingi anazifuata kwa masikio. Kwa miezi kadhaa, mtu akibisha hodi kwenye filamu, yeye hugeuzia uso upande usio na mtu. Fundi aliyemfungia sabufa alikwishalipwa akaenda zake.

Kosa lenyewe ni dogo. Nyuma ya runinga yake kuna matundu mawili ya sauti: jeupe la kushoto, jekundu la kulia. Kushoto huko ni kwa aliyeketi akitazama. Fundi akiinama nyuma ya runinga, mkono wake wa kushoto uko kulia kwa mtazamaji. Akipanga spika kwa kufuata mikono yake, mambo yamegeuka hata kama kila pini imeingia tundu lake. Wengine wanachanganywa na nyaya za spika, nyekundu na nyeusi. Nyekundu hiyo haihusiani na kulia. Ni chanya na hasi. Ukizigeuza kwenye spika moja, pande hazihami, ila besi inapwaya.

Nilijaribu king'amuzi, kisha flashi. Zote ziligeuka. Ingekuwa king'amuzi peke yake, ningeshuku waya wake au mipangilio yake. Nikazima, nikachomoa pini nyekundu inayokwenda kwenye sabufa, nikawasha. Iliyonyamaza ni spika ya dirishani, kushoto. Basi nikaihamishia mlangoni, na ya mlangoni nikaipeleka dirishani. Hazikuisha dakika kumi. Kwenye waya wa HDMI msihangaike kutafuta pini za kugeuza, sauti za pande zote mbili zinapita humo pamoja kidijitali. Na kama maandishi ndani ya picha yanasomeka kinyumenyume, aliyeipakia video ndiye aliyeigeuza. Waya zenu hazina kosa.

Nimeambiwa haya ni mambo ya watu wenye masikio ya anasa. Sikubali. Desemba 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya sauti ya pande mbili. Mwaka 1935 yeye na wenzake walipiga filamu ya treni zikipita stesheni ya Hayes, ili mtazamaji asikie treni pale pale anapoiona. Hilo ndilo shangazi alilolipia aliponunua sabufa, na ndilo alilokosa.

Fundi wa simu hukupigia simu ya majaribio kabla hujaondoka dukani kwake. Fundi wa sauti naye afanye vivyo hivyo. YouTube kuna video za bure zinazotaja kushoto, kisha kulia. Ni suala la nusu dakika. Msomaji wangu, akimaliza kazi mkaribishe akae kwenye kochi lako, mahali unapokaa wewe, muicheze hiyo video pamoja. Kushoto ikisikika kushoto, ndipo umlipe.