UKURASA WA JAMAA: Njaa siyo mfungo



Kwaresima iliyopita posho iliisha siku nne kabla ya mgao. Usiku ule tulilala na uji mwepesi tu. Asubuhi mtoto wetu wa darasa la tatu akauliza: "Mama, jana tulifunga?" Tukatazamana. Ingekuwa rahisi kumjibu ndiyo, tena ingesikika vizuri. Lakini ingekuwa uongo. Hatukufunga, tulikosa.

Wapendwa, tusichanganye mambo haya mawili. Anayefunga anaacha chakula kwa hiari, apate kusali, na kile alichoacha kimfikie mwenzake. Mwenye njaa hakuacha kitu. Huyo ni wa kusaidiwa, siyo wa kuhubiriwa uvumilivu. Nabii Isaya, sura ya 58, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwaonea vibarua wao. Alisema mfungo Mungu anaoutaka ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumpokea nyumbani asiye na makao. Sisi tuliokimbia tunajua uzito wa maneno hayo.

Basi nyumbani, mama anayenyonyesha, mjamzito, mtoto, mzee na mgonjwa anayetumia dawa wasilazimishwe. Hata sheria ya Kanisa Katoliki inawadai mfungo walio na miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, nazo siku ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na sisi akina baba, tusitangaze mfungo wa nyumba nzima halafu tukapitia sokoni kula maandazi! Asiye na chakula cha kuacha aache kingine: pombe, masengenyo, au ugomvi wa foleni ya maji.

Lakini kuna kosa la pili, eti Mkristo mzuri ni mwenye uso wa huzuni mwaka mzima. Yesu alipoulizwa kwa nini wanafunzi wake hawafungi, alijibu kwa mfano wa arusi: nani anaomboleza bwana arusi akiwapo? Hesabu yenyewe inatufundisha. Kwaresima ni siku 40, kipindi cha Pasaka ni siku 50 hadi Pentekoste. Furaha imepewa siku nyingi zaidi.

Wengine wanasema, "Tutashangilia tukirudi kwetu." Jamani, watoto wetu wengi wamezaliwa hapa. Tukingoja siku hiyo, watakua bila kujua sikukuu ni nini. Katika Nehemia, sura ya 8, watu waliotoka uhamishoni walilia waliposikia Torati ikisomwa. Wakaambiwa waache kulia, waende wakale na kunywa, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu.

Pasaka tulifanya hivyo. Sisi tulikuwa na sombe, jirani alikuwa na mafuta kidogo, mjane wa mlango wa tatu alileta chumvi na sauti yake ya kuimba. Tulikula sinia moja, watoto wakacheza mpaka giza.

Tunawaomba jambo moja. Siku utakayofunga, ule unga usiopikwa usirudi kwenye mfuko wako. Mpime mwenzako kikombe chake siku hiyohiyo. Kesho yake utasahau.

Tuonane mwezi ujao. Mungu azilinde jamaa zenu.