Mwanagenzi wa Cherehani na Mashindano: Faida Iko Wapi?



Miongoni mwa vijana wanaomaliza masomo wapo wanaokwenda kukaa kwa fundi cherehani wajifunze kazi, na mara nyingi wenzao huwauliza, "Ndiyo umeishia hapo?" kana kwamba sindano ni kimbilio la aliyeshindwa. Swali hilo halina adabu, na tena halina elimu. Leo tunapenda kulitazama jambo moja: mwanagenzi akipata nafasi ya kuingia katika mashindano ya kushona nguo ya kupimwa, aingie au asiingie? Rai yetu ni kwamba aingie, lakini ajue anafuata nini huko.

Tuchukue mfano wa mashindano yanayojulikana sana katika fani hii. Huko London yapo mashindano yaitwayo Golden Shears, yaani Mkasi wa Dhahabu, yaliyoanza mwaka 1974 na ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mwenyeji wake ni Merchant Taylors, chama cha kale cha washonaji kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1327. Hayakuwekwa kwa ajili ya mafundi wakubwa, bali wanafunzi na wanagenzi. Waliobobea hukagua ufundi wa nguo, kisha nguo huvaliwa na kupitishwa jukwaani, na hapo mtindo na mwonekano navyo hupimwa.

Faida ya kwanza ni kuimiliki nguo nzima. Dukani mwanagenzi hupewa vipande vipande: leo pasi, kesho vifungo, keshokutwa pindo au kufumua kilichoharibika. Hata Savile Row, mtaa mashuhuri wa washonaji wa London, ambako suti moja hula saa zisizopungua 50 za kazi ya mkono, kazi imegawanywa; mkataji ni mwingine, mshona koti mwingine, wa suruali mwingine. Mgawanyo huo una sababu yake, kwani mkono huzoea na kazi huenda. Lakini aliyezoea pindo peke yake hajui kwa nini bega limevuta. Nguo ya mashindano humlazimu apime, akate, apige bandi, amvalishe mtu, afumue, arudie, atie bitana, mpaka kifungo cha mwisho. Kosa alilolifanya kwenye kipimo atalikuta mwenyewe kwenye mkono wa koti, na hana wa kumsingizia.

Faida ya pili ni jicho la mgeni. Mama atasema imependeza. Fundi wako amekuzoea. Mteja hujitazama kwenye kioo akaridhika. Lakini fundi asiyekujua huigeuza nguo ndani nje, akatazama tundu la kifungo, akatazama kama mistari ya kitambaa imekutana kwenye mfuko. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa, naye ndiye ajuaye vilivyoundwa.

Hata hivyo, yako mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza, nguo ya mashindano isile haki ya mteja. Sote tunajua hali ya duka la fundi Sikukuu inapokaribia: kanzu zimelundikana na kila mtu anataka yake. Mwanagenzi anayejificha nyuma ashone koti la ushindi huku mtoto wa watu akikosa nguo ya Idi, huyo amekwisha shindwa kabla ya kufika kwa majaji.

Pili, kitambaa. Kinachobaki baada ya kukata ni cha aliyekileta, na ni amana. Asikichukue bila ruhusa hata kama ni cha kutilia mfuko tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mkono wa fundi. Fundi hupenda duka lake lisifiwe, basi usiku akamkalia kijana akamshonea kola na mabega. Anadhani amemsaidia. La hasha! Amewadanganya majaji, amewadhulumu washindani wengine, na kijana mwenyewe amemwibia, kwani atarudi na sifa ya kola asiyoweza kuirudia. Fundi amwelekeze kwa maneno, amwonyeshe kwenye kitambaa kingine, kisha amwachie sindano yake.

Na akishindwa je? Nguo anayo, na makosa yake ameyajua. Mwenye zawadi naye asisahau kuwa kanzu ya mteja wa kesho haina jaji wala watazamaji, na ndiyo itakayompa riziki.

Twajua miji yetu mingi haina mashindano ya namna hiyo. Hivyo basi tunatoa pendekezo kwa mafundi wetu, wala halina gharama kubwa: mwanagenzi akifikia mwaka wake wa pili, apewe kitambaa asichodaiwa, ashone kanzu au koti moja kwa mkono wake mwenyewe, kisha waitwe mafundi wawili wa maduka mengine waigeuze na kusema kweli mbele yake. Wazazi nao wahudhurie. Huenda wakaona kwa macho yao kwamba mtoto wao hakuishia popote, bali yumo safarini.