Sanduku la Askari wa Waya



Wote mumesikia habari ya lile sanduku. Juma lililopita watoto wa mwaka wa pili walinyang'anywa sanduku la karatasi, na ndani yake kulikuwa jeshi zima: watu wa waya, urefu wa kidole, kofia zao vifuniko vya biki, ngao za bati la mukebe wa sardini, mabawa yaliyokatwa katika sandali ya plastiki. Kuko mmoja mwenye pembe mbili na mkia wa samaki. Huyo ni mfalme wa mto, wanasema. Waliambiwa kwamba mambo hayo ni vita, tena ni sanamu, na yatachomwa. Sisi wa mwaka wa sita tunaomba yasichomwe.

Juu ya vita, hatuwezi kucheka. Hapa Kisangani, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji wetu, na watu wa Umoja wa Mataifa walihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini wazazi wetu walikuwa chini ya vitanda. Mzazi wa namna hiyo akiona bunduki ya waya, moyo unaruka. Ni haki yake.

Lakini nani alikaa kutazama ule mchezo? Sisi tulikaa. Wanachora mji kwa chaki: mto, daraja, soko, nyumba. Wanatupa punje za mahindi zilizopakwa makaa upande mmoja, na kwa hesabu ya pande nyeusi askari wanatembea. Na kuko sheria moja: jiwe lako likigonga nyumba, unapoteza zamu mbili. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Tulipouliza sababu, mmoja akajibu tu: "Mule kuko watu."

Juu ya sanamu, Kutoka 20 inakataza kuziinamia. Katika Kutoka 25 Mungu yuleyule anaagiza makerubi ya dhahabu, na Sulemani aliweka ng'ombe kumi na wawili wa shaba chini ya ile bahari ya hekalu. Bado hatujaona mtu anayepigia magoti kifuniko cha biki.

Na kazi yenyewe si mchezo! Kuunganisha plastiki kwa kisu cha moto bila kuichoma, kupata waya mwembamba katika mpira wa gari uliokufa, kumpa mtu wa mguu mmoja mguu wa mwingine, hiyo inaomba akili na mkono. Kule Uingereza vijana na wazee wanafanya vilevile. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanza mwaka 1975, inawauzia askari wa plastiki wa mchezo wa Warhammer, nao wanakata kichwa cha huyu na kukibandika kwa yule. Wao wananunua vipande kwa bei kali. Hawa wetu wanaokota.

Kwetu kulikuwa Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948, mwalimu wa shule. Alijenga miji midogo kwa karatasi na takataka za madukani. Watu wa makumbusho ya Kinshasa hawakuamini kwamba ni kazi yake. Ikabidi atengeneze ingine. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, yeye amekwisha kufa, makumbusho makubwa ya New York yalimpa maonyesho yake mwenyewe. Kama mtu angalichoma ile karatasi ya kwanza?

Kwa watoto wenyewe tuna neno moja. Sandali tatu za kushoto zimepotea bwenini, na moja ni ya mwandishi wa gazeti hili. Muokote, musikate za watu. Na waya za maabara ya fizika, hapana kabisa.

Basi tunaomba: sanduku lirudishwe, wacheze Jumamosi baada ya kazi ya mikono, na siku ya wazazi liwekwe mezani pamoja na vikapu na fagio. Kwa sasa liko juu ya kabati, fasi ile ile paa linavuja, na waya inashika kutu.