BENDERA NYEKUNDU NI MOJA, YA RELI NA YA BARABARA

Ndugu Wanachama,

Mwishoni mwa Novemba 2025 Serikali ilizindua kazi ya kupanua barabara kuu ya kutoka Rironi kwenda Mau Summit kwa njia ya Naivasha na Nakuru. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuipingi. Lakini barabara ikijengwa magari hayaachi kupita, na hapo ndipo penye hatari. Leo njia iko kushoto, kesho mapipa yamehamishwa, njia iko kulia. Magari ya kwenda na ya kurudi hubanwa upande mmoja, kokoto zimemwagwa, vumbi linaziba macho. Katikati ya hayo wamo wafanyakazi wenzetu wenye makoleo mikononi, na magari yanapita nyuma ya migongo yao.

Sisi wa reli jambo hili twalijua. Gengi likitaka kufungua reli, hakuna agusaye mtaimbo kabla mtu wa bendera hajakwenda mbali, na fataki kuwekwa juu ya reli ili dreva asikie hata kama haoni. Dreva akiiona bendera nyekundu habishani nayo, asimama. Basi kwa nini mtu wa bendera barabarani apigiwe honi na kutukanwa? Bendera yake ni ile ile, na roho anazozilinda ni zile zile.

Tufanye hesabu. Matatu au lori likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria kwa magari hayo, lapita mita 22 kila sekunde. Dreva akitazama simu yake sekunde mbili, amekwenda mita 44 kama kipofu. Tena mwendo ukizidi mara mbili, breki hutaka nafasi mara nne. Kwa hiyo ndugu madreva, punguzeni mwendo mwonapo kibao cha kwanza, msingoje cha mwisho. Acheni nafasi mbele yenu. Msitoke pembeni kupita foleni, maana pembeni ndipo walipo watu. Tazameni malori ya kazi yanayoingia na kutoka. Wala msiseme, "Jana nilipita hapa". Njia ya jana huenda leo ni shimo.

Lakini hatumtwiki dreva mzigo wote. Mwenye gari anayehesabu safari na kukata mshahara wa aliyechelewa, huyo naye amekanyaga mafuta. Na kontrakta anayewatuma vibarua barabarani bila koti la kung'aa, au anayegeuza njia usiku bila taa wala kibao, huyo ametega mtego.

Tusisahau barabara ya Thika, iliyojengwa tangu 2009 hata 2012. Magari yalipata njia pana mapema, na watu wa miguu wakabaki kukimbia kati ya magari, kwa kuwa madaraja yao yalikuwa hayajakwisha. Wengi wa hao walikuwa wafanyakazi waendao kazini. Daraja la mtu wa miguu si pambo la kumalizia. Lazima lije pamoja na njia.

Sheria ipo. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kibarua asiyejua haya hudanganywa kwa neno moja tu: "Kazi ama uende."

Basi twawaomba wanachama wote mnaoishi kando ya barabara hizi: waelezeni vibarua haki zao, na mkiona mahali pasipo kibao wala bendera, leteni habari kwa katibu wa tawi. Reli ilitufundisha kwamba chombo kinaweza kuchelewa na kikafika. Mtu akishakufa hafiki.

Umoja ni nguvu.