Bustani za Kambi Zivae Rangi za Miti Yetu

Wapo ndugu zetu wengi wa jeshi na polisi waliopata kutumwa masomoni katika nchi za baridi, na waliporejea walituletea, pamoja na vyeti vyao, picha za miti ambayo majani yake yote yamegeuka mekundu mithili ya makaa ya moto. Mti huo ni mepo. Jani lake limo katikati ya bendera ya Kanada tangu tarehe 15 Februari 1965, na huko Japani watu hufunga safari za mbali kwenda kuutazama tu. Si ajabu basi kwamba aliyeuona uzuri huo atamani kuuona tena mbele ya nyumba yake, hata kama nyumba hiyo iko Cyanzarwe, katika udongo mweusi wa volkano na mashamba ya viazi, huku mlima Nyiragongo ukifuka moshi ng'ambo ya mpaka.

Sisi hatuwacheki watu hao, maana tumekuwa miongoni mwao. Rafiki mmoja alitupatia mbegu za mepo zilizofungwa ndani ya bahasha, nasi tukazipanda kwa shauku kubwa. Hazikuota. Tulipouliza tukaambiwa kwamba mbegu hiyo haiamki mpaka ilale miezi miwili au mitatu penye unyevu na baridi kali. Ndipo tukaziweka nyingine katika friji ya mesi, kando ya chupa za soda, jambo lililowachekesha sana wenzetu. Safari hii zikaota. Miche ikatoa majani, ikasimama, ikapukutisha majani machache ya rangi ya kahawia, kisha ikakauka mmoja baada ya mwingine. Jani jekundu hatukuliona hata moja.

Kosa halikuwa la udongo, kwani udongo wa Cyanzarwe hauna lawama. Mepo huishi kwa kufuata saa ya jua. Mjini Montreal siku ndefu ya mwezi Juni huipita siku fupi ya Desemba kwa saa 7 hivi, na mchana unapopungua mti hujua kwamba baridi inakuja. Huanza kurudisha chakula kilichomo katika majani, rangi ya kijani huvunjika, na manjano iliyokuwa imefichika chini yake hujitokeza. Wekundu ni jambo jingine: hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, hasa mchana unapokuwa na jua kali na usiku una baridi isiyofikia kuganda. Baada ya hapo mti hulala, na baridi yenyewe ya majuma mengi ndiyo inayoyatayarisha macho yake yachipue tena. Lakini hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki hata robo saa. Baridi yetu ya usiku yamtosha mlinzi kuvaa koti, ila mepo haimtoshi. Mti huo ni kama askari aliyewekwa lindoni bila kupewa amri ya kulala wala ya kuamka. Na hata majira yenyewe yapishana: mwezi Oktoba, Kanada inapopukutisha majani, Cyanzarwe imo katika Umuhindo, mvua zinanyesha na watu wako shambani.

Tena yafaa tukiri kosa letu jingine. Mbegu ile ilipita mpakani ndani ya mfuko wa koti bila cheti cha afya ya mimea. Ndugu polisi na askari mnaolinda mipaka mnaelewa maana yake: ugonjwa wa viazi au wadudu wa mahindi hawahitaji kibali ili kuenea, na bahasha ndogo yaweza kumtia hasara mkulima ambaye hakuwahi hata kulisikia jina la mti huo. Haifai mlinzi wa mpaka awe ndiye anayeuvusha ugonjwa.

Je, anayependa majani mekundu akate tamaa? La, hasha. Iko poinsetia, kichaka chenye asili ya Meksiko ambacho kimeshakuwa mwenyeji wa bustani zetu. Kile kinachodhaniwa kuwa ua lake ni majani hasa, na hugeuka mekundu kwa kuhesabu urefu wa usiku. Usiku wetu wa saa 12 hukitosha. Ila kina sharti moja ambalo watu wa kambini hulisahau. Kikipandwa chini ya taa ya lindo inayowaka hadi alfajiri, kichaka hudhani usiku haujaingia, nacho hubaki kijani. Taa ya lindo haizimwi kwa ajili ya ua, kwa hiyo kichaka ndicho kihame.

Lakini mti tunaoupendelea kuliko yote ni umuko. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, kisha matawi yake makavu huvaa maua mekundu yanayoonekana toka mbali. Wazee wa Rwanda, katika ibada za Ryangombe, waliuita pia umurinzi, yaani mlinzi. Tunashangaa kuona mti wenye jina hilo hauonekani katika bustani za walinzi wenyewe! Una miiba, hivyo hufaa kwa uzio, na mizizi yake hurutubisha udongo. Anayependa manjano apande umusave, ambao maua yake hupendwa na nyuki na nguzo zake hufaa kujengea.

Hili si suala la mapambo matupu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na mto Sebeya ulizifagia nyumba humu humu Rubavu. Askari na polisi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokoa. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya mche usioweza kuishi ni shimo lililonyimwa mti ambao ungeshika udongo wa mteremko kwa miaka mingi, hata baada ya aliyeupanda kuhamishiwa kituo kingine.

Umuko hauhitaji friji wala bahasha. Katwa tawi lenye unene wa mkono, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha lichomeke ardhini mvua za Umuhindo zinapoanza, mbali kidogo na nyumba. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu. Wazazi wa kambini waziokote kabla watoto hawajazifanya shanga au kuzitia kinywani.